Mstari wa 212

Inspekta Nafisa Mwenya hakupenda kompyuta, wala hakuona aibu kulisema hilo mbele ya mtu yeyote. Katika miaka kumi na tisa ya upelelezi mjini Lubumbashi alikuwa amewahoji wezi wa nyaya za shaba, madereva, wachungaji wa makanisa, na bwana mmoja aliyeapa kwamba maiti iliyozikwa si ya mkewe. Wote walikuwa na macho. Mtu ukimtazama machoni unajua pa kuanzia. Haya, mashine utaitazama wapi?

Lakini Jumatatu ile, saa nne asubuhi, alipanda ngazi za ofisi ya Zamu kule Makomeno, na nyuma yake akapanda Falonne, injinia wa miaka ishirini na sita, angali na nguo zile zile alizokamatwa nazo Jumamosi. Pingu alikuwa amemfungua chini, mlangoni. Hakutaka wenzake wamwone nazo.

Habari yenyewe ilikuwa fupi na mbaya. Kampuni ya Zamu ilitengeneza mfumo wa kupanga foleni ya malori mpakani Kasumbalesa. Lori likitoka bandari ya Dar es Salaam, mfumo unalifuata njia nzima na kulipa zamu yake ya kuvuka. Lori la asidi lina sharti lake: halitoki kwenye maegesho mpaka mkaguzi aipime vali na kuandika kwenye simu yake kwamba ni nzima. Mfumo ulifunguliwa Ijumaa mchana. Jumamosi asubuhi lori moja la asidi likatoka bila kukaguliwa na vali ikaachia njiani. Dereva, Jeannot Chisanga, akashuka kuangalia kinachovuja. Sasa alikuwa hospitalini, miguu imefungwa bendeji mpaka mapajani.

Ndani ya mfumo mlikutwa mstari, wa 212, uliosema lori lipite bila kumngoja mkaguzi. Aliyeuandika ni Falonne. Mkurugenzi akamshtaki kwa hujuma, kwa kuwa mwezi uliotangulia alikuwa amenyimwa ukuu wa timu. Na saa tisa alasiri gari la parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka, lingekuja kumchukua, aende gerezani kungoja kesi. Nafisa alikuwa na saa tano tu, basi.

Mkurugenzi Kasonde aliwapokea akiwa amesimama. Hakuwaonyesha viti.

“Maman inspecteur, huyu munamurudisha hapa ju ya nini? Dossier iko claire. Yee njo aliandika.”

“Sikatale,” Falonne alisema. “Niliandika mu mwezi ya tatu. Tulikuwa tunajaribu na malori ya essai, hakukuwa mukaguzi wa kweli. Sasa lori itapita namna gani? Njo niliifungulia njia. Kisha, mbele ya kufungua système, nilisema ile mustari isibakie.”

“Ulisema kwa nani?” Nafisa aliuliza.

“Kwa équipe ya Dar. Beko njo benye kufungua. Na niliandika, maman. Niliandika kabisa.”

“Bongo! Anadanganya!” Kasonde alitupa karatasi mezani. “Musome.”

Ilikuwa ripoti ya timu ya Dar es Salaam, imetiwa saini na mkuu wao, Nasoro. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka: *Mstari wa 212 ulibaki baada ya kuridhiwa kwa maandishi na Bi Falonne.* Nafisa akaisoma mara mbili. Mmoja anasema aliukataa, mwingine anasema aliuridhia, na wote wanadai yapo maandishi. Hapo ni lazima mmoja awe mwongo, alijiambia, na mmoja wao yuko mbali karibu kilomita elfu mbili kwa barabara. Kazi ipo.

“Onyesheni huo mustari.”

Falonne hakuwa na ruhusa ya kugusa chochote. Funguo zake za mfumo zilikuwa zimefungwa tangu Jumamosi. Ikabidi Kasonde mwenyewe akae, afungue, atafute. Alitafuta kama mtu anayetafuta soksi katika nyumba ya jirani. Mwishowe mstari ukaonekana, na pembeni yake jina la mtu wa mwisho kuugusa. Nafisa akainama kusoma. Halikuwa jina la Falonne.

“Jephté ni nani?”

Kasonde aliegemea kiti. “Alikuwa wetu. Aliacha kazi vendredi.”

“Vendredi hii hii? Siku ya kufungua?”

“Tuligombana,” Kasonde alikiri. “Alinitukana mbele ya bantu.”

Ehee! Nafisa alihisi damu ikimchangamka. Mtu amegombana na bosi, siku yake ya mwisho anagusa mstari ule ule, saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi, halafu anaondoka. Hadithi ya namna hiyo aliijua vizuri, ilikuwa na macho kabisa. Akampigia simu, na kabla ya saa sita Jephté alikuwa amefika kutoka Kasungami na mabuti ya mpira miguuni, kwa kuwa alikuwa ameacha kompyuta na kuanza kufuga nguruwe.

“Uligusa mustari 212?”

“Niligusa, maman.”

“Ulifanya nini?”

“Niliisukuma ku kuume.”

“Unasema?”

“Ilikuwa imeinama vibaya, haikulingana na benzake. Niliisukuma nafasi mbili. Ilikuwa siku yangu ya mwisho, nikasema niache nyumba safi.” Akapandisha mabega. “Sikusoma ata inasema nini.”

Nafisa alicheka kwa hasira. Mtu anasukuma mstari wa kuua watu nafasi mbili kulia, apendeze! “Na mi nitajua namna gani haudanganye?”

“Bonyeza ile tarehe,” Falonne alisema polepole, akiwa bado amesimama ukutani. “Itaonyesha vile ilikuwa mbele, na vile iko kisha.”

Kasonde akabonyeza. Pande mbili zikafunguka, mstari wa jana na mstari wa leo. Nafisa akaweka ukucha kwenye kioo akafuata herufi moja moja, kulia na kushoto, kama afanyavyo na saini za kughushi. Maneno yalikuwa yale yale. Palikuwa na nafasi mbili tupu tu. Ndivyo mshukiwa wake mzuri, mwenye mabuti na sababu, alivyomponyoka.

“Na mbele ya hapo?” aliuliza. “Inaweza kurudi tena nyuma?”

“Mpaka siku ya kwanza,” Falonne alijibu.

Kasonde akateremsha ukurasa. Aprili, Machi, Februari. Kila badiliko na jina la mtu, tarehe, dakika, na sababu yake kwa maneno machache. *Nimerekebisha uzito wa lori, Asha alikuwa sahihi.* *Nimekosea jana, narudisha ya Chancelvie.* *Mpaka unafungwa mapema sikukuu, tusisahau.* Majina ya Lubumbashi na majina ya Dar yalifuatana, yakapishana, yakarudi. Mtu anaanza neno Dar asubuhi, mwingine anamalizia Makomeno mchana, wa tatu anakuta kosa la wote wawili na kulisahihisha bila matusi. Yalikuwa mabadiliko elfu kumi na moja.

“Hawa bantu banajuana?” Nafisa aliuliza, na sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka.

“Hatujaonanaka,” Falonne alisema. “Mu simu tu.”

Mungu wangu. Nafisa alivuta kiti akaketi bila kukaribishwa. Alifikiria kabati la kituo chake, mafaili yaliyoliwa na mchwa, kurasa zinazopotea kila mtu mkubwa akitajwa, mashahidi watatu wa ajali moja wakisimulia ajali tatu. Na hapa kuna watu thelathini ambao hawajawahi kupeana mkono wamejenga kitu kimoja, na kila kosa lao wameliacha wazi na jina lake. Alishikwa na kitu kama kile kinachomshika mtu kanisani kwaya inapoingia. Alisikia nywele za mkono zikisimama, na hakuona sababu ya kuficha.

“Ni kitu kikubwa hiki,” alisema. “Ni kitu kikubwa sana. Sasa munipigie huyo Nasoro.”

Uso wa Nasoro ukatokea kwenye kioo, kijana mwembamba mwenye miwani, nyuma yake wenzake wanne wamesongamana.

“Shikamoo, Afande.”

“Marahaba.” Lubumbashi hakuna anayemwita afande, lakini salamu ile aliipokea bila kufikiri, kama nyumbani kwa mama yake. “Umeandika kwamba Falonne aliridhia mstari ubaki. Aliridhia wapi?”

“Kwenye mjadala wetu, Afande. Alhamisi. Mimi niliuliza, yeye akajibu. Nikafunga mjadala.”

“Ufungue.”

Mshale mdogo ukaanza kutembea wenyewe kwenye kioo cha Kasonde, ukiongozwa na mkono ulioko Dar. Nafisa aliufuata kwa macho mpaka uliposimama. Swali la Nasoro lilikuwa pale: *Mstari wa 212, kuruka ukaguzi. Tufanye nini nao kabla ya kufungua?* Chini yake jibu la Falonne, neno moja:

*Tosha.*

“Munaona!” Falonne alipiga makofi, machozi yakamtoka. “Munaona, maman! Nilibaambia!”

“Umeona, Afande!” Nasoro alisema wakati ule ule, akinyoosha kidole. “Si huyu hapa? Ameandika mwenyewe!”

Wote wawili walikuwa na furaha ya mtu aliyeokoka. Nafisa alimtazama mmoja, akamtazama wa pili. Waongo wawili wanaweza kutoa ushahidi mmoja, hilo alilijua. Lakini hajapata kuona waongo wawili wakifurahia ushahidi mmoja, kila mtu kwa moyo wake wote.

“Jephté, mupeleke Falonne mu couloir. Falonne, karatasi hii. Ile neno uliandika, niandikie maana yake mu Français. Neno moja tu.” Mlango ulipofungwa aligeukia kioo. “Nasoro, jibu hilo ulilielewaje? Niambie bila kulitaja neno lenyewe.”

“Kwamba imetimia, Afande. Hakuna la kuongeza. Ipo sawa, iacheni ilivyo.”

Mlango ukafunguliwa, wakarudi wote wawili na karatasi. Falonne alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: *ENLÈVE.*

Ondoa.

Nafisa aliiweka karatasi magotini. Mama yake alitoka katika ukoo wa Waislamu wa Ujiji, baba yake alikuwa Mubemba wa hapa hapa. Kwa mama, kikombe kikijaa mtu husema tosha, na mwenye birika anaacha kumimina. Mtaani kwa baba, tosha sufuria maana yake iepue motoni, tosha viatu maana yake vivue, na mtoto akiambiwa atoshe kitu anakichukua na kukipeleka nje. Yeye mwenyewe alikuwa amesema yote mawili maisha yake yote, kila moja mahali pake, asijue hata siku moja kwamba ni neno moja.

Aliwaeleza. Aliwaeleza kwa Kiswahili cha Dar, kisha akawaeleza kwa Kiswahili cha Lubumbashi.

“Subhanallah,” Nasoro alisema.

“Lakini tuko na liste!” Falonne alikuwa ameshika kichwa. “Siye Français, bale ba Dar English, tukasema tutaandika Kiswahili, ni ya siye bote. Tukafanya liste ya maneno yenye maana ingine kwetu na ingine kwabo. Maneno makumi munane!”

“Ninayo hapa mbele yangu,” Nasoro alisema. “Tosha haimo.”

“Juu ya kuwa ni neno nyepesi,” Falonne alisema. “Ata mutoto anaijua. Nani ataulizaka?”

Kasonde alikohoa. Alikuwa bado na uso wa mtu anayedai chake. “Muzuri. Histoire muzuri. Lakini procès-verbal inaomba jina, maman inspecteur. Kuko muntu ku hospitali. Munaandika nani?”

“Andika langu, Afande,” Nasoro alisema. “Nilisoma mimi. Neno moja kwa jambo kubwa hivyo, nilipaswa kuuliza mara ya pili.”

“Hapana,” Falonne alisema. “Mi njo niliandika neno moja. Nilikuwa na njaa, nilitaka kuenda kula. Muandike mi.”

“Na mi,” Jephté alisema kutoka mlangoni. “Niliigusa na mikono yangu, sikuisoma. Kama ningesoma...” Akaacha hapo, akayatazama mabuti yake.

Nafisa aliwatazama mmoja mmoja. Miaka kumi na tisa! Miaka kumi na tisa ya haina mi, ni yule, sikuwepo, nilisingiziwa. Hajawahi, wallahi hajawahi, kukaa chumba kimoja na watu wanaogombea kosa. Akafungua daftari ili apate mahali pa kuweka macho, na kalamu ilipogusa karatasi ndipo wazo lingine likamjia, baridi kama maji.

“Huo mstari,” alisema. “Uko wapi sasa hivi?”

Kule Dar Nasoro akavua miwani, akaanza kuifuta.

“Nasoro. Nimekuuliza.”

“Upo, Afande. Upo pale pale, unafanya kazi.” Akairudisha miwani usoni. “Tuliletewa amri Jumamosi. Ya polisi. Ushahidi wote usiguswe mpaka upelelezi uishe.”

Amri hiyo ilikuwa na saini yake. Aliitia Jumamosi adhuhuri, wima, juu ya boneti ya gari, akiwa na hakika kabisa kwamba anafanya kazi safi.

“Malori ngapi?” alimuuliza Kasonde.

Kasonde hakuwa tena na uso wa kudai. Akafungua ukurasa wa maegesho. “Citernes sita za asidi. Mbili ziko na zamu ya kutoka... dans vingt minutes, dakika makumi mbili.”

“Utosheni!” Nafisa alisema kwa sauti, akageuka kwenye kioo. “Uondoeni, Nasoro, uondoeni sasa hivi. Amri nimeifuta.”

“Siwezi peke yangu, Afande. Sheria yetu ni mikono miwili, mmoja wa Dar, mmoja wa huko. Sehemu hii mkono wa huko ni wa dada Falonne.”

“Na funguo zake zimefungwa,” Kasonde alisema. “Ni mutuhumiwa. Siwezi kumufungulia mutuhumiwa.”

“Papa Kasonde,” Nafisa alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, “mutafungua, ao mutapigia bale madereva mumoja mumoja na simu yenu, mubaambie juu ya nini hamukufungua?”

Kasonde akafungua.

Falonne akakaa. Kwa dakika kumi na moja zilizofuata Nafisa Mwenya alisimama nyuma ya kiti chake na hakuelewa karibu lolote, na hakuweza kuondoa macho. Kule Dar herufi zilifutika, huku Makomeno kidole kilizifuata. “Ngoja,” Falonne alisema, “ngoja, kaka, ya mia tatu na makumi ine inategemea hii, ukitosha hii tu yote itaanguka. Kutosha ya kwetu, eh!” “Ya kwenu, nimekuelewa. Asha, shika mia tatu arobaini.” Mshale wa pili ukazuka, wa mtu mwingine tena. Jephté, ambaye hakuwa mfanyakazi wa mtu, alikuwa ameinama begani kwa Falonne akisoma kila neno kwa sauti, neno kwa neno, na kule Dar mtu akiyarudia. Hakuna aliyeamuru. Hakuna aliyegongana na mwenzake. Walikuwa watu wanne, miji miwili, na kitu kilichokuwa kinatengenezeka kati yao kilikuwa kimoja. Nafisa alijikuta ameziba mdomo kwa kiganja.

“Nimeridhia,” Nasoro alisema.

“Na mi,” Falonne alisema, akabonyeza.

Kwenye ukurasa wa maegesho alama sita za kijani zikawa nyekundu, moja baada ya nyingine. Pembeni mwa kila moja pakaandikwa: *Linangoja mkaguzi.* Kasonde alifuta jasho kwa tai yake.

Nafisa aliketi na daftari. Aliandika kwa zaidi ya saa nzima, bila kula. Aliandika neno, maana zake mbili, nani alilisema na nani alilisoma, siku na saa, kama alivyoona kwenye kioo. Hakuna hujuma, aliandika. Ombi la kumpeleka Falonne gerezani, aliandika, limeondolewa na inspekta aliyeliomba.

Saa tisa kasoro dakika tano honi ililia chini, na Kangwa, karani wa parquet, akapanda akihema, mkononi ana karatasi ya kupokelea mtu.

“Maman inspecteur, mbote. Niko nakuya kumubeba ule Falonne.”

“Hakuna wa kubeba. Beba hii.”

Kangwa alisoma pale pale, wima, akisogeza midomo. Alifika ukurasa wa mwisho, akarudi nyuma, akafika tena.

“Apa ku benye makosa munaandika majina ine.”

“Ndiyo.”

“Ya ine ni yenu.”

“Ndiyo. Jumamosi, midi et quart, saa sita na robo. Niliamuru ile mustari isiguswe, sikuuliza inafanya nini. Malori yalipita na amri yangu siku mbili.”

“Mais, maman...” Kangwa aliteremsha sauti. “Ile hakuna muntu angeijua.”

“Mi najua,” Nafisa alisema. “Tia saini kwamba umepokea.”

Kangwa akatia saini. Wakasikia mlango wa gari ukifungwa, injini ikiwaka, gari likikata kona. Falonne, ambaye tangu honi ilipolia hakuwa ametoa mikono kwenye meza, aliteleza kutoka kitini mpaka sakafuni, akajikunyata pale akilia kwa sauti, na hakuna aliyejua amfanye nini.

“Dada Falonne?” Nasoro aliita kutoka kwenye kioo. Hakuwa anaona ila kiti kitupu. “Dada, bado upo?”

“Niko,” Falonne alisema kutoka chini. “Niko hapa, kaka. Niko.”